Waliopunguzwa Kambani

Mashine ndogo ya michezo ilizima tena pale pale ilipozima jana, kwenye kona ya wafua shaba, watu walipoanza kutoka majumbani mwao kwenda kushika kamba. Gari la mungu lilisimama, ngoma ikakwama kwenye pigo moja kama mtu mwenye kigugumizi, kisha kioo kikawa cheusi na Suyog akaiona humo sura yake mwenyewe, ndevu hajanyoa.

"Imekufa?" aliuliza mkewe, Nirjala, bila kugeuka kutoka kwenye meza yake.

"Imekufa."

"Safari hii amefika nani?"

"Mzee Asta Ratna ndiyo kwanza anatia mguu nje. Kila siku ni yeye. Akitokea tu, mashine inazimia."

"Mwambie apunguze tumbo," alisema Nirjala, na wote wawili wakacheka kicheko kifupi cha watu waliochoka.

Chumba walichofanyia kazi kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya akina Tamrakar, ukoo wa Suyog, katika mji wa Patan. Marehemu baba yake Suyog alikuwa akiweka humo masufuria na mitungi ya shaba, kabla watu hawajahamia kwenye plastiki. Mchezo wao waliutengeneza humo humo, wawili peke yao, mume akiandika programu na mke akichora. Mchezaji ndiye kiongozi wa jatra, sikukuu ya kuvuta gari la mungu mitaani. Kazi yake ni kupita uchochoroni, kubisha hodi, kumwita jirani huyu na yule kwa jina lake, mpaka kamba ijae watu ndipo gari lisogee hatua chache kuelekea mtaa mwingine.

Majirani hao hawakubuniwa. Walikuwa watu wa uani kwao na wa nyua za karibu, zaidi ya mia mbili. Nirjala aliwapiga picha, akazichora sura zao, akarekodi sauti zao wakipiga ukelele wa kuvuta. Mama mkwe wake, Hera Maya, ndiye aliyemtembeza kila mlango kuomba ruhusa, kwa sababu hakuna mtu wa mtaa ule ambaye angemkatalia Hera Maya uso kwa uso.

Kwenye kompyuta mchezo ulipendwa kuliko walivyotazamia. Kampuni moja ya Stockholm ikawaandikia: tuutoe na kwenye mashine za michezo, mbili kubwa za kuweka chini ya televisheni na moja ndogo ya kushika mkononi. Suyog akaacha kazi yake ya benki. Alidhani ni sawa na kuhamisha vyombo kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Kumbe kila nyumba ina mlango wa upana wake, na kila mwenye nyumba ana masharti yake. Kwenye mashine hii kitufe cha kukubali kiko chini, kwenye ile kiko kulia, kwa hiyo mchezaji aliyetaka kumwita jirani alijikuta amemfukuza. Padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, ikiishiwa chaji, mchezo lazima usimame wenyewe na kutoa maneno yale yale anayotaka mwenye mashine. Suyog alirudishiwa kazi nzima kwa sababu aliandika "padi" mahali ambapo wenyewe wanaiita kwa jina jingine. Walipotaka kujiandikisha kwa wenye mashine, nchi yao haikuwemo miongoni mwa nchi za kuchagua. Ikabidi wapitie Stockholm, kama mtoto anayeandikishwa shule kwa jina la mjomba.

Yote hayo waliyameza. Kwenye mashine kubwa zote mbili mchezo ulipita mtihani wa wenye mashine. Tatizo likabaki hii ndogo, ambayo kumbukumbu yake haikuwa na pa kuwaweka watu wote.

Walijaribu kila njia. Waliwavisha watu nguo zinazofanana ili mashine ibebe nguo moja badala ya mia, ikasaidia kidogo. Walizipunguza sura, zikawa madonge ya unga yaliyotobolewa macho. Walijaribu kuwaingiza watu kidogo kidogo kadiri gari linavyokwenda, na gari likawa linakwenda kwa kwikwi. Hapakubaki njia nyingine isipokuwa ile ambayo kila mmoja wao alikuwa akingoja mwenzake aitaje.

"Wapungue," alisema Nirjala hatimaye.

"Wangapi?"

"Wewe ndiye unayejua mashine inabeba wangapi."

"Theluthi waondoke," alisema Suyog. "Labda zaidi."

* * *

Annika wa Stockholm alikuwa mwanamke mpole, mwenye sweta kubwa na kikombe ambacho hakikuwahi kutoka mkononi mwake. Aliwasikiliza kwenye simu ya video mpaka mwisho.

"Lakini hilo si jambo gumu," alisema. "Hakuna mchezaji anayeweza kukumbuka sura mia mbili. Mkiondoa theluthi, nani atajua?"

"Wenyewe watajua," alijibu Suyog.

"Wenyewe akina nani?"

"Wenye sura."

Annika aliwahi kuambiwa kwamba majirani ni watu wa kweli, hata alilitumia jambo hilo kwenye matangazo, ila hakuwahi kulifikiria upande huo.

"Basi wapungue kwenye mashine ndogo tu," alisema Nirjala, kisha akajirekebisha. "Yaani, tuwapunguze humo tu. Kwenye zile kubwa wabaki."

"Haiwezekani, Nirjala. Mtu ataanza kucheza kwenye televisheni sebuleni, kisha aendelee na ile ndogo kwenye treni. Tumeshawaahidi wanunuzi hivyo. Jirani aliyeshika kamba sebuleni hawezi kupotea kwenye treni, gari halitasogea. Lazima uwe mchezo mmoja. Hata ule wa kompyuta utabadilishwa siku hiyo hiyo."

"Na tukisogeza tarehe?"

"Tarehe imeshatangazwa." Annika alikiweka kikombe chini, na hapo wakajua kwamba linalofuata ni zito. "Wakubwa wangu wanasema mkishindwa, mashine ndogo watapewa watu wengine waimalize. Na hao hawatauliza nani ni nani. Watachukua kisu na kukata. Mimi ningependa mkate ninyi."

Simu ilipokatwa Suyog aliinuka, akaenda kusimama dirishani. Chini uani Gyani Shova, jirani wa nyumba ya mkabala, alikuwa akianika pilipili juu ya mkeka. Ndani ya mchezo pia alikuwa anaanika pilipili, kwenye mkeka ule ule.

Kaka yake Suyog alikuwa Melbourne, kwenye ghala la matairi, na hakuacha kumkumbusha kwamba nafasi ipo. Fomu za viza zilikuwa zimeshajazwa nusu. Watu walioondoka uani pale walikuwa wengi, na wengine walichorwa wakiwa wanafunga mizigo. Mchezo huu ukienda mikononi mwa wengine, hakuna kampuni itakayowapa wao mwingine, na Suyog angekuwa mmoja wa hao wa kurudi jatra kwa jatra akiwa amenenepa na kuleta chokoleti.

"Tuanze na familia," alisema. "Tukianza na watu wa watu, tutasemwa."

"Mimi na wewe ni wawili tu," alisema Nirjala.

"Na Mama."

Nirjala alimtazama. "Utamwambia wewe."

* * *

Hera Maya alikuwa jikoni, ghorofa ya juu kabisa, akipiga dengu za kusaga kwa ajili ya bara, vile vitumbua vya dengu. Hakuacha kupiga alipokuwa akisikiliza. Ila mkono ulianza kwenda mbio.

"Mimi?" aliuliza.

"Mama, ni nafasi tu. Mashine haibebi wote."

"Mimi niliyezunguka na mkeo, magoti yananiuma, nikiwaambia watu, toeni sura zenu, mkwe wangu hana neno baya? Leo mimi ndiye wa kwanza kufagiwa?"

"Hujafagiwa. Hata mimi nimejitoa. Nirjala pia."

"Ninyi jitoeni, ni vyenu. Mimi nimeshawaambia watu wa Melbourne kwamba nimo. Shemeji yako amewaonyesha wenzake kazini. Hiyo mashine yenyewe nimeiona, ni kama kisahani cha achari. Nani alikutuma kuwapakia watu wa mtaa mzima kwenye kisahani?"

"Mama..."

"Shuka. Mafuta yamepata moto, yasije yakakurukia."

Hera Maya hakuwa mtu wa kukaa na jambo tumboni. Alipokwenda bombani kujaza ndoo, alimkuta Gyani Shova na akamweleza, kwa uchungu, kwamba mwanawe wa kumzaa amemwondoa kambani. Alitaka kuonewa huruma. Gyani Shova akamwonea huruma kwelikweli, kisha akauliza swali ambalo Hera Maya hakulitegemea.

"Kama wewe mama mtu umetolewa, sisi je?"

Wali haujaiva, uani kote watu walikuwa wakiulizana.

* * *

Ilitokea kwamba wiki hiyo ndiyo wiki ya karamu ya guthi, chama cha koo za mtaa, ambacho huwazika wafu wao na kuwalisha walio hai. Watu waliketi kwenye mikeka mirefu ya majani, wazee kichwani, vijana mkiani, kila mmoja na sahani yake ya jani mbele yake. Kugawa chakula mwaka huo kuliangukia nyumba ya Kaji Man, mumewe Gyani Shova, fundi wa pikipiki mwenye mdomo usiotulia.

Kaji Man alipita na kapu la chiura, akimwagia kila mtu konzi ya wali huo mkavu uliopondwa. Alipofika kwa Suyog alisimama, akalitazama kapu, akaitazama sahani, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Samahani, ndugu yangu. Kapu langu ni dogo. Haliwezi kubeba wote."

Akamruka, akamwagia aliyefuata.

Mkeka mzima ulicheka. Mtu mmoja upande wa wazee alipaza sauti: "Mpunguzie sura umpe hivyo hivyo!" Kicheko kikapanda tena. Suyog naye alicheka kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya, huku sahani yake ikiwa tupu na nyama ya nyati ikija, kisha maharagwe, kisha tangawizi ya kukaanga, na kila mgawaji akimruka kwa kisingizio chake. Mzaha ungekuwa mzaha kama ungekoma mapema. Haukukoma. Mwishowe Mzee Asta Ratna, mkubwa wa guthi, alikohoa, na Kaji Man akarudi na kapu lake. Akaimwaga chiura kwa wingi mpaka ikafunika goti la Suyog.

"Kula, kula. Usije ukasema tulikufuta."

Upande wa wanawake Hera Maya aliyaona yote. Yeye mwenyewe ndiye aliyelibeba neno lile mpaka bombani, na alilijua hilo. Hakugusa chakula chake kilichobaki.

Walipopanda nyumbani, Nirjala hakukaa.

"Kesho naenda mlango kwa mlango," alisema.

"Kufanya nini?" Suyog alikuwa akijipangusa chiura kwenye suruali. "Wameshasikia. Tukate, tumalize, halafu tuombe radhi mara moja kwa wote."

"Tulipozitaka hizi sura tulikwenda kwao, tukavua viatu, tukanywa chai yao. Sasa tuzitoe tukiwa tumejifungia humu?"

"Utawaambia nini? Wewe umetoka, wewe umebaki?"

"Kila nyumba ibaki na mtu. Zile kubwa wawili. Nani abaki, wachague wao."

Suyog alifikiri. Kwenye mashine hesabu hiyo ingekubali, kwa shida, kama angebana tena zile nguo. "Watagombana," alisema.

"Wagombane wao kwa wao. Wamechoka kugombana na sisi."

Hera Maya alikuwa amesimama mlangoni. Shali alikuwa hajaivua.

"Mkwe haendi kwa wazee peke yake na habari kama hiyo," alisema. "Nitakwenda na wewe."

* * *

Walianza na Mzee Asta Ratna, kwa heshima ya umri. Mzee aliwasikiliza akiwa na uzi mdomoni, maana hata kwa umri ule alikuwa bado anashona nguo, kisha akasema kwamba yeye hatoki.

"Nyumba yako ina wanne mle, Mzee," alisema Nirjala. "Tunaomba wabaki wawili."

"Vizuri. Mimi na mimi."

"Mzee!"

"Toa wanangu wote. Wananijia hapa mara moja kwa mwaka. Nimesikia mimi ndiye ninayeiangusha hiyo mashine yenu. Ni kweli?"

"Ni kweli kidogo."

"Mwone," alimwambia Hera Maya, akifurahi kama mtoto. "Umri huu na bado naangusha vitu."

Hera Maya alikuwa ameshapata namna yake ya kuingilia. Kila mlango ulipofunguliwa alitangulia kusema: "Mimi mwenyewe nimetolewa." Mlango wa kwanza alilisema kwa aibu. Mlango wa nne alilisema kwa sauti ya mtu aliyerudi kuhiji. Watu waliokuwa wamekunja uso walijikuta wakimpa pole, na baada ya kumpa pole ilikuwa vigumu kupata pa kuanzia ugomvi.

Si wote. Kwenye nyumba ya mchonga mbao walifungiwa mlango, na sauti ya ndani ikasema kwamba watu waliouza sura za jirani zao kwa Wazungu wasitegemee kuketishwa. Nirjala alisimama nje akiwa na maneno yake mdomoni. Hera Maya akamvuta mkono.

"Twende. Huyo hata siku ya harusi yangu alikataa kula."

Mama yake Rabin hakuhitaji muda. Rabin alikuwa Qatar, mwaka wa nne, kwenye ujenzi. Nyumbani walibaki mama na binti, na wote watatu walikuwemo mchezoni.

"Rabin abaki," alisema mama, na binti akaitikia kwa kichwa. "Sisi tupo hapa kila siku, nani atutafute kwenye mashine? Ila nikuulize, mwanangu. Wenzake huko wakicheza, watamwona?"

"Wakiwa nayo, watamwona."

"Basi mwongezee koti. Ulimchora na fulana."

"Huko Qatar ni joto, Mama Rabin."

"Kwenye mashine yuko hapa kwetu. Mwongezee koti."

Kwa Kaji Man kelele zilisikika kabla hawajabisha hodi. Yeye na Gyani Shova walikuwa wameshaambiwa na walikuwa wameshaanza.

"Mimi ndiye mvutaji!" alikuwa akisema Kaji Man. "Wewe mle unaanika pilipili tu!"

"Na anayecheza lazima aziruke pilipili zangu asizikanyage! Wewe ukiondoka hakuna atakayeona pengo. Mimi nikiondoka mkeka mzima unaondoka!"

Kaji Man alimgeukia Nirjala atafute haki. Nirjala akasema, taratibu, kwamba kwa kweli mkeka wa pilipili unatumika, mchezaji akizikanyaga majirani wa uani wanakataa kutoka. Kaji Man alibaki ameshika bisibisi yake.

"Kwa hiyo nimepunguzwa," alisema.

"Kapu dogo, ndugu yangu," alisema Hera Maya.

Gyani Shova alicheka mpaka akaketi kizingitini. Kaji Man alijaribu kununa, ikamshinda, akawaingizia viti.

* * *

Purna Devi waliuacha mlango wake uwe wa mwisho, na hawakuambiana kwa nini.

Alikuwa mjane, akiishi chumba cha chini karibu na kisima. Mumewe, Chandra Lal, alifariki miezi michache baada ya kuchorwa. Tangu hapo, mchana mwingine, Purna Devi alikuwa akipanda ngazi kwenda kwenye chumba cha kazi cha akina Suyog, anaketi kwenye mto karibu na mlango ili asiwasumbue, na kusema neno moja tu: "Niitie." Suyog angeacha alichokuwa akifanya, awashe mchezo wa kompyuta, abishe mlango wa chini karibu na kisima. Chandra Lal angetoka na kofia yake kaivaa upande, apige ule ukelele uliokuwa ukisikika mitaa miwili, ashike kamba. Purna Devi angemtazama. Kisha Suyog angezima, arudi kwenye kazi yake, na mjane angeshika ukuta na kushuka ngazi.

Kwa hiyo Nirjala alikuwa ameshaamua. Nyumba nyingine zichague, hii asiisumbue kwa kuchagua. Chandra Lal atabaki, Purna Devi atatoka, na lililobaki ni kumwambia vizuri.

Waliwekewa chai. Hera Maya hakusema kwamba ametolewa. Alipuliza chai yake na kutazama chini.

"Shangazi," alianza Nirjala, "umeshasikia habari ya kamba."

"Nimesikia."

"Nimekuja kukuambia usiwe na wasiwasi. Mjomba hatoki. Atabaki pale pale, na kofia yake, na sauti yake. Ila nafasi kwa kila nyumba..." Alitafuta namna. "Itabidi wewe ndiye upungue, Shangazi. Naomba unisamehe."

Purna Devi alimsogezea sukari. "Abaki afanye nini?"

Nirjala alidhani hakusikia vizuri. "Mjomba?"

"Huyo huyo. Abaki kwenye kamba afanye nini? Alivuta tangu hajaoa. Mwaka aliokufa alivuta, nikamwambia kifua chako hicho, akaniambia nyamaza. Ameshavuta. Ametosheka." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwa nini duka fulani haliendi tena. "Mtoe yeye, uniache mimi."

Hera Maya aliinua macho.

"Siku ya jatra mimi nilikuwa jikoni," alisema Purna Devi. "Kila mwaka. Alikuwa na wageni wengi, unajua mwenyewe, Hera Maya, mlango ulikuwa haufungwi. Gari nilikuwa nalisikia tu. Kelele zikizidi najua limeinama, naongeza maji kwenye mchuzi maana wageni watachelewa. Likifika kwa wafua shaba najua niweke mafuta jikoni. Nimelipikia lile gari miaka yangu yote na kamba yake sijawahi kuigusa, wala sijui ni ya katani au ya kitu gani. Ndipo wewe ukaja na kamera yako, ukaniuliza ukelele wangu ukoje. Nilikuwa sina. Ulinifundisha wewe."

"Nakumbuka," alisema Nirjala. "Nilidhani unakuja kumwona Mjomba."

"Namwona. Nafurahi kumwona. Halafu nangoja niitwe na mimi, tunaishi mlango mmoja, si lazima nifuate?" Purna Devi alitabasamu kidogo, kwa aibu. "Mumeo huwa anazima kabla hajafika kwangu. Sikutaka kumwambia. Ana kazi nyingi."

Hera Maya alikuwa jirani yake Purna Devi kwa miaka arobaini na kidogo, na kila jatra alikuwa naye amesimama juu ya sufuria yake, ghorofa ya juu, akisikiliza. Alikiweka kikombe chini.

"Nirjala," alisema. "Andika. Chandra Lal, atoke."

* * *

Suyog alipoambiwa, aliivuta kibodi karibu. Kisha akamfuta Chandra Lal yeye mwenyewe, kofia, sauti, vyote, na akaisogeza sura ya Purna Devi mbele ili awe wa kwanza kuitwa katika mlango ule.

Mashine ndogo ilipita kona ya wafua shaba bila kuzima. Ilipotumwa kwenye mtihani ilirudishwa, kwa sababu mtu akiilaza na kuiamsha ngoma ilikuwa inapigwa mara mbili. Wakarekebisha, ikarudishwa tena kwa sababu ya alama moja ya kitufe iliyochorwa mviringo badala ya mraba. Suyog alitukana kwa Kinewari, lugha ya kwao, mbele ya Annika, na Annika, ambaye hakuelewa, akakubaliana naye. Safari ya tatu ilipita. Mashine zote tatu zilitoka siku moja kama ilivyotangazwa.

Hawakutajirika. Paa lilitengenezwa, na Stockholm ikawapa mchezo wa watu wengine wauhamishe, kazi ya mwaka mzima. Fomu za Melbourne zilibaki zimejazwa nusu. Mchonga mbao hakuwasalimia tena. Kaji Man aliwaambia wateja wake wote kwamba yumo mchezoni ila hawajui kucheza ndiyo maana hawamwoni.

Siku mashine ndogo ya kampuni ilipofika na mchezo uliokamilika ndani yake, Nirjala aliishusha chini mchana, akamkuta Purna Devi amekaa kizingitini akichambua mchele. Akamwekea mashine mikononi na kumwonyesha kidole kipi kibonyeze wapi. Hera Maya alikuja kusimama nyuma yao.

Purna Devi alibonyeza kwa nguvu mno, kama anaua mdudu. Mlango wa chini karibu na kisima ukafunguka. Mwanamke mdogo mwenye sari nyekundu akatoka akijifuta mikono, akapiga ukelele mwembamba, akakimbia kwenda kushika kamba kati ya Rabin mwenye koti na Mzee Asta Ratna. Gari likatikisika. Purna Devi alikileta kioo karibu na macho.

"Huyo hapo," alisema Hera Maya. "Anavuta kweli."

"Anavuta," alisema Purna Devi. Kisha akakunja uso. "Na jikoni amebaki nani?"

"Chandra Lal," alisema Nirjala.

Mjane alimtazama, akamtazama Hera Maya, na kicheko kikamtoka kwa ghafla mpaka mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo.

"Basi wageni watalala na njaa," alisema, akabonyeza tena gari lisogee.